Safu ya Lugha: Nishati ya baridi

Sikio hulistaajabia jina hili: baridi ni upungufu wa joto, itafuaje umeme? Hata hivyo nalitetea. Tangu kivuko Glutra cha Norway kilipoanza kazi mwaka 2000, meli zinazotumia gesi asilia iliyosindikwa zimeongezeka. Tangini gesi hiyo ni kimiminika cha takriban nyuzi 162 chini ya sifuri. Sharti ipashwe joto kabla ya kuingia kwenye injini, na ubaridi wake mara nyingi hupotea bure. Dohani nayo hutoa moshi wa mamia ya nyuzi. Moshi ukichemsha kimiminika kingine, mvuke wake huzungusha mtambo wa kufua umeme, kisha ubaridi wa gesi huurudisha mvuke kuwa kimiminika. Baridi ikizidi, umeme nao huongezeka. Jina linastahili.