Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Mtaji wa Kigeni katika Mwambao wa Kenya, 1887–1895

Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii aghalabu hutajwa panapozungumzwa mitaji ya kigeni, kwa kuwa mgeni hutazamiwa kuja na neema. Lakini historia ya mwambao wa Kenya yatoa mfano wa mwenyeji aliyemlipa mgeni ili aondoke.

Mnamo tarehe 24 Mei 1887, Sultani Barghash bin Said wa Unguja aliwapa William Mackinnon na wenzake mkataba wa miaka 50 wa kuutawala mwambao ulioko kati ya Mto Umba na Kipini, na kutoza ushuru humo, kwa jina la Sultani. Mackinnon alikuwa tajiri wa meli, na meli zake zilifika Unguja tangu mwaka 1872. Mwaka 1888 wabia hao walipewa hati ya kifalme, wakawa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki.

Kampuni ilitegemea ushuru wa forodha ya Mombasa na biashara ya pembe za ndovu kutoka bara. Hata hivyo, bidhaa zilichukuliwa vichwani mwa wapagazi, na reli ndogo iliyoanzwa Mombasa mwaka 1890 haikufika mbali. Mwaka huo huo Kampuni ilimtuma Frederick Lugard hadi Uganda, na gharama za askari na ngome zikaila hazina yake. Kampuni ilijitwika kazi mbili zisizopatana: ya mfanyabiashara atafutaye faida, na ya serikali ambayo haina budi kugharimia amani. Mwaka 1893 ilijitoa Uganda.

Mwaka 1895 Kampuni ilikomeshwa kwa malipo ya pauni 250,000. Katika fedha hizo, Serikali ya Uingereza ilitoa pauni 50,000 tu. Zile 200,000 zilizosalia zilikuwa mali ya Sultani, alizolipwa na Wajerumani kwa kuuacha mwambao wa Tanganyika mwaka 1890. Hivyo thamani ya mwambao mmoja ilitumika kuukomboa mwingine. Na huo uliokombolewa haukurudi kwa mwenyewe. Kwa mapatano ya tarehe 14 Desemba 1895, Waingereza waliukodi kwa pauni 11,000 kila mwaka, pamoja na riba ya pauni 6,000 juu ya zile 200,000.

Ama reli iliyoubadili uchumi wa nchi, ile iliyojengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 hadi kufika Kisumu mwaka 1901, ilijengwa kwa fedha za Serikali ya Uingereza, wala si kwa mtaji wa Kampuni.

Katika mapatano yote hayo, wakazi wa Mombasa, Malindi na Takaungu hawakushauriwa. Kampuni ilipojiingiza katika urithi wa uliwali wa Takaungu mwaka 1895, Mbaruk bin Rashid al-Mazrui alishika silaha, na vita havikwisha ila alipokimbilia Tanganyika mwaka 1896. Suala la mwambao nalo lilidumu hadi Oktoba 1963, Sultani alipokubali uunganishwe na Kenya iliyokuwa ikikaribia uhuru.

Mkataba wa 1887 ulieleza kwa urefu haki za mgeni. Hasara ilipokuja, ilimwangukia mwenyeji. Kwa hiyo, panaposomwa mkataba wowote wa namna hii, inafaa kuulizwa kwanza ni nani aitwaye mwenyeji, na ni nani atakayelipa endapo mgeni atashindwa.