Abiria Watano, Mzee wa Karata na Fuvu la Lusinga

Sisi huku tupo, baridi ndiyo ile ile, tumeshaizoea. Kuna waliolalamika kwamba siku hizi naandika mambo ya bei ya viazi tu, historia nimeiacha. Haya basi, leo nawaletea historia, ila itabidi tuanzie kwenye sinema ya kutisha. Shangazi, wewe usiogope, haitishi sana.

Mliokuja kunitembelea mnaijua Gare du Midi, kile kituo kikubwa cha treni hapa Brussels ninapopokelea wageni. Treni za Eurostar kutoka London zinafika hapo tangu 1994. Kila Jumapili pembeni ya kituo kuna soko kubwa ajabu, utapata zeituni, mazulia, kuku wa kuchoma, simu ambayo hujui ilikuwa ya nani. Hapo ndipo nilipookota kwa yuro moja DVD ya Dr Terror's House of Horrors, filamu ya Waingereza ya mwaka 1965.

Kampuni iliyoitengeneza ni Amicus, ya Wamarekani wawili waliofanyia kazi Uingereza, Milton Subotsky na Max Rosenberg. Ni hadithi tano fupi ndani ya filamu moja. Subotsky alivutiwa na filamu ya zamani zaidi ya mtindo huo, Dead of Night ya 1945, na baada ya hii Amicus waliendelea kuzitoa za aina hiyo kwa miaka karibu kumi. Mambo yenyewe yanatokea ndani ya treni. Wanaume watano wamekaa kwenye behewa, anaingia wa sita, mzee mwenye nyusi nene anayejiita Daktari Schreck (kwa Kijerumani ni kama kusema Daktari Hofu). Anatoa karata za ramli. Kila abiria anazigonga mara tatu, anaonyeshwa balaa litakalompata. Karata ya mwisho ndiyo ingemwonyesha pa kuponea, na kila mara inatoka ile ya kifo. Mzee huyo ni Peter Cushing, na kati ya abiria yumo Christopher Lee akiwa na majivuno yake yote.

Inatisha? Jamani, hapana. Mtoto wa leo atacheka. Kuna mkono uliokatika unaotambaa sakafuni kama panya wa betri, kuna mmea unaoua watu polepole sana, mtu angekuwa ameshafika Kibaha. Lakini niliirudia mara tatu, na si kwa sababu ya woga.

Hadithi ya mwisho ni ya mnyonya damu, na inaishia kwa kutuonyesha kwamba mnyonya damu mwingine ni daktari mwenyewe wa mji. Nikacheka peke yangu. Wazee wetu enzi za ukoloni walisimulia hayo hayo bila kamera: mumiani kule pwani, wazimamoto Nairobi na Kampala, watu wa serikali wanaokamata watu usiku kuwatoa damu. Wazungu waliandika kwamba ni ushamba. Kumbe nao walikuwa wanalipia tiketi kutazama kitu kile kile!

Hadithi ya tatu ndiyo iliyonikamata. Mwanamuziki wa jazi wa London, Biff Bailey, anakwenda kupiga muziki kwenye kisiwa kimoja cha Karibi. Usiku anajificha vichakani anatazama ibada ya mungu aitwaye Damballa, na ule muziki anaunakili kwenye kijitabu chake. Wanamkamata, wanamwambia muziki huo una mwenyewe. Yeye anacheka, anarudi London, anaupiga klabuni, na mwenyewe anamfuata hadi nyumbani kuchukua kilicho chake. Damballa si jina la kutunga, ni mungu nyoka anayeabudiwa kweli Haiti, na asili ya imani hiyo inafika hadi Dahomey, Benin ya leo.

Mwaka ule 1965 watazamaji walitakiwa wamwogope huyo mungu wa watu weusi. Mimi nilikuwa namtazama mwizi. Filamu yenyewe, ukiisikiliza vizuri, haikatai kwamba Biff ni mwizi, inakiri kabisa. Ila dawa ya wizi imewekwa kwenye uchawi, kwamba mwenye mali atakuja usiku mwenyewe. Na mimi ninayeishi Brussels najua kwamba usiku hakuja mtu.

Hapa ndipo historia inapoingia. Mwaka 1882 Mbelgiji aitwaye Emile Storms alipita Zanzibar na bara yote hadi Karema, ziwani Tanganyika, Mkoa wa Katavi wa sasa. Mwaka uliofuata alijenga kituo kingine Mpala, ng'ambo ya ziwa. Wenyeji walimwita Bwana Boma. Huko kulikuwa na mtawala aitwaye Lusinga. Hakuwa malaika, aliuza watu, tuseme ukweli. Desemba 1884 watu wa Storms walimvamia, wakamuua, wakakata kichwa. Na msidhani waliofanya kazi hiyo walikuwa Wazungu, walikuwa askari wa kukodiwa, wangwana na rugaruga, watu wanaozungumza lugha hii hii ninayowaandikia. Fuvu likaletwa Ubelgiji pamoja na sanamu ya mababu ya Lusinga.

Sanamu iko makumbusho ya Tervuren, unapanda tramu namba 44 kutoka Montgomery. Fuvu liliwekwa taasisi ya sayansi asilia hapa mjini, na wengi tulilisikia mwaka 2018 mwandishi Michel Bouffioux alipoliandika gazetini. Storms mwenyewe alikuwa na sanamu yake kwenye bustani ya Square de Meeûs. Iliondolewa 2022, mwaka ule ule jino la Lumumba lilipokabidhiwa kwa familia yake.

Mwisho wa filamu treni inafika kwenye kituo chenye giza, gazeti linapeperuka, abiria wanasoma kwamba treni yao imepata ajali na wao wameshakufa. Mzee wa karata anageuka, uso wake ni fuvu tupu. Watu wa 1965 walipiga kelele hapo, nadhani. Mimi nilisimamisha picha nikamwaza Lusinga.

Sasa nina ombi. Shemeji wangu aliwahi kufundisha upande wa Mpanda, na najua baadhi yenu mna ndugu Karema. Waulizeni wazee kama jina la Bwana Boma bado linatajwa, na linatajwaje. Mkipata chochote niandikieni, hata kama ni mistari miwili.

Wasalimieni wote.