Talasimu

Talasimu ni maandishi, mchoro au jedwali la tarakimu linaloaminiwa kukinga shari au kuvuta heri. Kiswahili kimelipokea neno hili kutoka Kiarabu, tilasm, nacho Kiarabu kililichukua kwa Wagiriki wa kale: telesma, yaani ibada iliyotimizwa, kutokana na telos, mwisho au ukamilifu.

Wagiriki na Waarabu wote walihesabu kwa herufi. Kwa hesabu ya Kigiriki, telesma ni 581 (300+5+30+5+200+40+1). Kwa abjadi, yaani hesabu ya herufi za Kiarabu, tilasm ni 139: twa 9, lamu 30, sini 60, mimu 40. Jumla hizo hazilingani, na anayezitafutia siri moja anajisumbua bure. Abjadi hiyo hiyo ndiyo inayoifanya Bismillahi kamili kuwa 786.

Talasimu zilisafiri na dini: Uislamu ulifika Ujiji na misafara ya biashara ya karne ya 19, na leo una waumini mwambao wa Ziwa Tanganyika. Pamoja nao zilienea hirizi, ambazo ndani yake huwekwa talasimu. Jedwali mashuhuri zaidi lina vyumba tisa: juu 4, 9, 2, katikati 3, 5, 7, chini 8, 1, 6. Ukijumlisha kwa mlalo, wima au mshazari unapata 15, hesabu nzuri kweli kweli. Pembeni hukaa 2, 4, 6 na 8, ambazo kwa herufi ni b, d, w, h: ndilo jina Buduh. Masheikh wengi hukataza matumizi ya talasimu, wakiyahesabu kuwa ushirikina.