Kwihara ya Tabora na Wapagazi wa Mwaka 1873

Sisi tukaao Boko tunakaa kando ya njia iendayo Bagamoyo. Siku za mwisho wa juma hupita mbele yetu mabasi ya wanafunzi na ya kwaya za sharika, yakiwapeleka watu kuuona mnara wa kanisa la misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, ambamo mwili wa David Livingstone ulilazwa usiku wa tarehe 24 Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja. Nimewaongoza vijana katika ziara hiyo mara nyingi, na maelezo yake nilikuwa nikiyatoa kwa moyo, kama mtu asomaye liturgia aliyoizoea. Katika ziara mojawapo mwanafunzi aliniuliza: "Mwalimu, hao walioubeba mwili walikuwa nani?" Nikamjibu kama nilivyofundishwa nami: watumishi wake waaminifu, Susi na Chuma. Akauliza tena: "Wawili tu, kutoka bara mpaka hapa?" Sikuwa na jibu la maana. Nilikuwa nimefundisha historia ya Kanisa kwa miaka mingi bila kujiuliza swali hilo.

Makala haya ni matokeo ya swali hilo. Yalinipasa kusoma upya, na baada ya kusoma nikaona kwamba Bagamoyo ni mahali safari ilipokomea tu. Jambo lenyewe liliamuliwa bara, katika mji wa Tabora, au kwa usahihi zaidi Kwihara, kilomita chache nje ya mji huo. Basi nikafunga safari na wachungaji wawili rafiki zangu, tukapanda basi la alfajiri, na kwa njia ya Morogoro, Dodoma, Manyoni na Itigi tukafika Tabora siku ile ile, tumechoka na kujaa vumbi. Tulipoanza kulalamika, mmoja wetu alitukumbusha kwamba Stanley aliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871 na kufika Unyanyembe, ndiyo nchi ya Tabora, tarehe 23 Juni. Tukanyamaza.

Tabora ina historia ya kumtosha mgeni juma zima. Burton na Speke waliingia humo Novemba 1857, wakati wafanyabiashara Waarabu walipokuwa wameufanya mji huo kuwa njia panda ya misafara: njia moja ikienda Ujiji na Kongo, nyingine ikipanda Karagwe na Buganda, ya tatu ikishuka pwani. Mtemi Isike alipoona boma lake limevunjwa na Wajerumani Januari 1893, alijilipua kwa baruti pamoja na jamaa zake kuliko kutekwa. Reli ilifika mwaka 1912. Wabelgiji waliutwaa mji Septemba 1916. Na Januari 1958 TANU ilifanya hapo mkutano wake mkuu uliokubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu. Mwalimu Nyerere alikuwa amesoma na kufundisha huko huko. Haya yote yana waandishi wake. Sisi tulikuwa na shughuli Kwihara.

Nyumba ya Kwihara ni tembe: kuta nene za udongo, paa la bapa, vyumba vimeuzunguka ua wa ndani. Iliyopo leo imejengwa upya na kuwa makumbusho madogo, lakini umbo lake ni lile la kale, na ukiingia kutoka juani unapokelewa na ubaridi ambao nyumba zetu za bati haziujui. Ilikuwa nyumba ya Waarabu wa Tabora. Nasema hivyo kwa makusudi, maana hapa ndipo fundisho letu la kawaida linapoanza kuwa gumu. Livingstone, aliyeandika dhidi ya biashara ya watumwa hata Uingereza ikatikisika, alikula na kulala kwa ukarimu wa watu walioifanya biashara ile ile. Hakuwa na njia nyingine. Bidhaa zake zilitunzwa na wao, barua zake zilipita mikononi mwao, na njia ya kwenda Ujiji ilikuwa imefungwa na vita baina yao na Mirambo, mtemi wa Urambo, ambaye Agosti 1871 aliingia mpaka Tabora na kuiteketeza sehemu yake. Stanley mwenyewe alikuwa upande wa Waarabu katika vita hivyo, wakashindwa.

Stanley na Livingstone walikaa pamoja katika tembe hii mapema mwaka 1872, wakaagana tarehe 14 Machi. Stanley aliahidi kumtumia watu kutoka pwani. Livingstone akangoja miezi mitano. Tarehe 14 Agosti watu 57 waliingia Kwihara. Miongoni mwao walikuwamo vijana kadhaa walioitwa watu wa Nasik, na mmoja wao ni Jacob Wainwright.

Huyu ndiye niliyekwenda kumtafuta. Alizaliwa Myao, akakamatwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa baharini na manowari ya Kiingereza, akapelekwa Bara Hindi katika makao ya watumwa waliokombolewa karibu na Nasik, yaliyoendeshwa na Shirika la CMS. Huko alijifunza kusoma na kuandika Kiingereza, akabatizwa na kupewa jina la Kizungu. Chuma naye alikuwa Myao, aliyetolewa katika msafara wa watumwa mwaka 1861 na Livingstone pamoja na Askofu Mackenzie. Yeye alibatizwa Bombay. Susi, aliyetoka Shupanga kando ya mto Zambezi, alikuwa bado hajabatizwa. Nawaomba wasomaji walishike neno hilo, maana Susi ndiye, pamoja na Chuma, aliyekuja kuwa kiongozi wa wote.

Tarehe 25 Agosti 1872 waliondoka Kwihara kuelekea kusini. Tarehe 1 Mei 1873 Livingstone akafa katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kiko Zambia. Mambo yaliyofuata yanajulikana kwa muhtasari: moyo na matumbo yakazikwa chini ya mti, mwili ukatiwa chumvi na kuanikwa juani siku 14, ukafungwa katika gome la mti na turubai. Lisilosemwa sana ni kwamba penye kaburi lile palifanyika ibada. Jacob Wainwright alisoma ibada ya maziko katika kitabu cha sala, kisha akachonga jina la marehemu katika shina la mti. Hapakuwapo mchungaji, wala mmisionari, wala Mzungu hata mmoja. Kijana aliyekuwa mtumwa aliongoza ibada ya Kanisa mbele ya wapagazi, wengi wao wasio Wakristo, katika pori ambalo hakuna misheni iliyokuwa imelifikia.

Kwa nini waliamua kuubeba mwili? Vitabu vyetu hujibu kwa neno moja, uaminifu, kisha husonga mbele. Mimi nadhani sababu zilikuwa kadha wa kadha, na sioni haya kuzitaja. Kurudi pwani mikono mitupu ni kuulizwa mzungu amekufaje na vitu vyake viko wapi. Walihitaji ushahidi, nao walikuwa na haki ya ujira wao. Lakini sababu hizo zingetoshelezwa na sanduku la karatasi na saa ya marehemu. Hazitoshi kueleza miezi tisa ya kubeba maiti kwa zaidi ya kilomita 1,500, kupita mabwawa, njaa na mapigano. Msomaji wa Biblia atakumbuka mifupa ya Yusufu na kiapo cha wana wa Israeli. Wapagazi wale hawakuapishwa na mtu. Walikaa wakashauriana, wakakubaliana.

Oktoba 1873 walikaribia Kwihara. Walikuwa wamesikia kwamba kuna msafara wa Waingereza pale, wakadhani anayeuongoza ni mwana wa Livingstone. Wainwright akaandika barua ya kuarifu msiba, Chuma akatangulia nayo. Aliyeipokea ni Luteni Cameron, aliyekuwa Kwihara na wenzake wawili, Dillon na Murphy, wote watatu wameelemewa na homa, Cameron mwenyewe macho yakimuuma hata haoni vema. Hivyo barua ya kwanza iliyowaletea Waingereza habari ya kifo cha Livingstone iliandikwa na mkono wa Mwafrika aliyekombolewa utumwani. Nilisimama katika ua wa tembe nikijaribu kuiwaza saa ile: Wazungu watatu wagonjwa wamelala ndani, na Chuma amesimama mlangoni na karatasi.

Mwili ulipofika, Cameron alishauri uzikwe hapo hapo. Ushauri wake haukuwa wa kijinga. Njia ya mbele ilikuwa ya hatari, watu wa nchi waliogopa sana maiti kupitishwa kwao, na huenda Livingstone mwenyewe angependa kulala Afrika. Lakini wapagazi walikataa. Yeye alikuwa ofisa wa jeshi la majini, mwenye barua za wakubwa. Wao walikuwa watu wa kubeba mizigo, wasio na bwana tena. Walimsikiliza, wakasema mwili utakwenda pwani, na ukaenda. Cameron alichoweza ni kufungua masanduku na kuchukua vyombo vya kupimia vya marehemu kwa safari yake.

Nimefundisha habari za mitaguso na sinodi nyingi. Sikuwahi kumfundisha mwanafunzi kikao hiki cha Kwihara, ambacho washiriki wake hawakuwa na cheo chochote, na ambacho uamuzi wake ulitekelezwa bila nguvu ya mtu.

Mbele kidogo, mahali paitwapo Kasekera, wenyeji walikataa kabisa maiti ipite. Hapo wapagazi walitumia hila. Walifunga mabua ya mtama ndani ya nguo kwa mfano wa maiti, wakawatuma watu wachache kulirudisha furushi hilo Unyanyembe kana kwamba linakwenda kuzikwa. Hao walipofika porini waliyatupa mabua, wakatawanya vifungio, wakarudi kwa siri. Mwili wenyewe ulikuwa umetolewa katika gome na kufungwa upya kama mtumba wa kawaida. Leo neno "mtumba" latukumbusha nguo kuukuu za sokoni. Zamani zile lilikuwa jina la mzigo wa mpagazi, na nguo ndizo zilizolipia hongo kwa watemi, ambayo nayo ilikuwa ushuru wa halali wa njia kabla neno halijaharibika. Mmoja wa wachungaji niliofuatana nao, mwalimu wa maadili, alitaka tuijadili hila hiyo kama swali la uongo na haja. Tulibishana mpaka chakula kikapoa, wala hatukupatana.

Juni 1873, wao wakiwa bado njiani, Sultani wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa likafungwa. Walipofika Bagamoyo Februari 1874, kaimu konseli wa Kiingereza alituma meli, akawalipa ujira wao, kazi ikaisha. Wainwright peke yake ndiye aliyesafiri na mwili, kwa gharama ya CMS, na tarehe 18 Aprili alikuwa mmoja wa watu wanane walioshika kingo za jeneza Westminster Abbey. Susi na Chuma waliitwa Uingereza baadaye mwaka ule, mazishi yamekwisha pita. Medali za fedha zilitengenezwa kwa ajili ya wapagazi, lakini wengi wao walikuwa wamekwisha tawanyika na hawakuzipata. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882. Susi alibatizwa mwaka 1886, miaka 13 baada ya Chitambo, na jina alilopewa ni David.

Wainwright aliandika shajara ya safari ile, kuanzia tarehe 4 Mei 1873. Wasomaji wa jarida hili, waliolazimishwa kujifunza Kijerumani kwa ajili ya Luther, huenda wakafurahi kujua kwamba ilichapishwa kwanza kwa Kijerumani, katika jarida la jiografia la Petermann huko Gotha, mwaka 1874. Kwa zaidi ya karne moja wachache sana waliitazama.

Walutheri tunaweza kudhani kwamba hizo ni habari za Waanglikana. Lakini misheni ya Berlin ilipoanza kazi Dar es Salaam mwaka 1887, na Kisarawe mwaka 1892, waliokombolewa utumwani walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa sharika hizo. Kumbukumbu zetu nazo zina majina kamili ya wamisionari, pamoja na tarehe za kuzaliwa kwao, na baada ya hapo huja neno "wenyeji" au "wasaidizi".

Siku ya mwisho tulitaka kwenda Urambo, yapata kilomita 90 magharibi, lakini nauli zilikuwa zimetuishia. Huko London Missionary Society ilifungua kituo mwaka 1879 kwa ridhaa ya Mirambo yule yule aliyeiteketeza Tabora, na mwaka 1898 kazi ikakabidhiwa kwa ndugu zetu Wamoravian. Jacob Wainwright alirudi Afrika, akatumika Buganda katika baraza la Kabaka Mutesa, kisha akahamia Urambo kuwatumikia wamisionari. Alifariki huko Aprili 1892.

Mwanafunzi aliyeniuliza swali pale mnarani sasa ni mchungaji katika usharika wa mbali. Nimemwandikia barua yenye majina niliyoyapata. Mpaka sasa hayazidi kumi na mawili.