Inzi Alikufa, Mnyoo Akabaki

Awe ametoka Musoma, Bunda au Butiama, msafiri wa kwenda Kisii atavuka mto Mara pale Kirumi, atapita Tarime, atagonga muhuri Sirari, halafu ng'ambo atavuka mto Migori na mto Kuja. Maji ya mito hii yote yanaishia katika ziwa letu hili hili. Ajabu ni kwamba vijana wengi wa Mara tunavuka huko kwenda sokoni au kuwaona ndugu, tusijue kwamba mabonde yale yaliifundisha dunia jambo kubwa kuhusu ugonjwa wa usubi, ule unaoitwa pia upofu wa mtoni.

Tuanze na mwenye kosa. Ni mnyoo mwembamba kama uzi. Jike lake hufikia sentimita 30 hadi 50, na hukaa amejikunja ndani ya vinundu chini ya ngozi. Huko huzaa watoto wadogo mno wasioonekana kwa macho, nao hutembea ndani ya ngozi. Mtu huwashwa, hujikuna usiku kucha, ngozi yake huzeeka kabla ya umri. Wakiingia machoni na kufia humo, macho huvimba, na miaka ikipita mtu hupofuka. Anayewahamisha kutoka mtu hadi mtu ni inzi mdogo mweusi, usubi, anayezaliana kwenye mito yenye maji ya kasi. Kazi hiyo ya inzi ilithibitishwa na daktari Blacklock huko Sierra Leone mwaka 1926.

Kule Nyanza, aliyesumbua alikuwa aina ya usubi anayeitwa Simulium neavei. Wataalamu walimwona akiuma watu, lakini viluwiluwi vyake havikuonekana. Walitafuta kwenye mawe, kwenye majani, wapi! Hata hivyo mwaka 1946, katika bonde la Kodera karibu na Oyugis, Garnham na McMahon walimwaga DDT mtoni. Inzi wakatoweka. Yaani walimshinda adui bila kujua nyumba yake. Jibu lilikuja mwaka 1950, pale van Someren na McMahon walipotangaza kwamba viluwiluwi vile huishi juu ya kaa wa mtoni, vimemng'ang'ania kwenye gamba lake. Nani angefikiria kumgeuza kaa?

Baada ya Kodera kazi ikahamia mito mingine ya Nyanza, na mwaka 1958 McMahon, Highton na Goiny waliandika katika jarida la Shirika la Afya Duniani kwamba inzi huyo ameng'olewa Kenya.

Hapo ndipo wengi wangefunga daftari. Inzi kafa, hadithi imekwisha, sivyo? Lakini mnyoo hakuwa mtoni. Alikuwa bado ndani ya miili ya watu, anazaa kama kawaida. Basi watafiti wakarudi kwa wanavijiji miaka 9, 11 na 18 baada ya inzi kutoweka, wakiwapima ngozi. Kipande kidogo cha ngozi hukatwa, huwekwa ndani ya maji, kikatazamwa kwa hadubini kuona kama vijinyoo vinatoka. Taarifa yao ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba ugonjwa ulikwisha polepole mno, kwani mnyoo mzima anaweza kuishi hadi miaka 16 au hata 18. Mtoto aliyezaliwa siku inzi alipokufa angekuwa kijana mwenye ndevu, na mnyoo wa baba yake bado yuko hai.

Hesabu hiyo si jambo dogo. Dawa ya ivermektini, ambayo kampuni ya Merck ilianza kuitoa bure mwaka 1987 na ambayo iliwapatia Ōmura na Campbell Tuzo ya Nobel mwaka 2015, huua vijinyoo vya ngozini; mnyoo mzima hubaki, akapumzika kuzaa kwa muda tu. Kwa hiyo watu hawana budi kumeza vidonge kila mwaka, mwaka baada ya mwaka, hadi mnyoo azeeke afe. Nchini kwetu maeneo yanayojulikana kwa usubi yako mbali na Mara: Mahenge, Tukuyu, Ruvuma, Kilosa, na milima ya Tanga. Mahenge vidonge vilianza kugawiwa mwaka 1997, na miaka 20 baadaye uchunguzi ulikuta maambukizi bado yapo. Mtu asiyejua habari za Kodera atasema dawa ni bure, wacha tupumzike. Kumbe kupumzika mapema ndiyo nafasi anayoingoja mnyoo.

Jambo la mwisho, hasa kwetu tunaojifunza kuandika. Majina ya Garnham, McMahon na Highton yamo vitabuni. Wale waliokubali kukatwa ngozi, wakakubali tena miaka mingi baadaye, majina yao hayamo. Bila subira yao hesabu ile isingepatikana. Wengi wamekwisha kufa, lakini wana na wajukuu wao wapo, na lugha zao, Kijaluo na Kikisii, si ngeni Musoma wala Tarime. Nauli ya kufika Oyugis si kubwa kiasi cha kumshinda mwenye nia. Twendeni tukawaulize, kalamu mkononi, kabla nao hawajasahau.