Yunia Aliyefungwa Pamoja na Paulo

Somo: Warumi 16:1-16

Wengi wetu tukifika mwisho wa Waraka kwa Warumi huanza kuharakisha. Mafundisho makubwa yamekwisha, yamebaki majina tu. Siku moja nalikuwa nikiwafundisha akina mama wa ushirika wetu habari za wanawake wa Biblia. Tulikwisha kusoma juu ya Debora, Ruthu na Hana. Tulipofika kwa Fibi wa Kenkrea, mama mmoja akateremka mpaka mstari wa saba, akauliza, "Mchungaji, huyu Yunia ni mwanamume ama mwanamke?"

Nikamjibu upesi kwamba ni mwanamume. Ndivyo nilivyosoma katika Agano Jipya moja la Kiingereza lililotolewa mwaka 1946. Biblia yetu ya Kiswahili haikuweza kunisahihisha, kwa maana lugha yetu haitenganishi "yeye" wa kiume na "yeye" wa kike, na jamaa ya mtu aweza kuwa yeyote. Mama yule akaliandika jibu langu katika daftari lake.

Nalikosea, na kosa hilo lina historia ndefu. Paulo aliandika kwa Kiyunani, yapata mwaka 57. Katika sentensi yake, tofauti kati ya jina Junia la mwanamke na Junias la mwanamume ni kialama kidogo juu ya herufi, nazo nakala za kwanza hazikutiwa alama hizo. Hata hivyo wazee wa kanisa la kale hawakutatizika. Yohana Krisostomo, askofu wa Konstantinopoli aliyefariki mwaka 407, alistaajabu waziwazi kwamba mwanamke huyu alihesabiwa kustahili jina la mtume. Na Kiyunani kilikuwa lugha ya mama yake.

Ni baadaye sana, katika siku za Egidio wa Roma aliyefariki mwaka 1316, ndipo twakuta mwalimu akimfanya Yunia kuwa mwanamume. Martin Luther alitafsiri hivyo kwa Kijerumani, na wengi wakamfuata, ingawa Biblia ya Kiingereza ya 1611 ililiacha jina la kike. Mwaka 1927 chapa ya Kiyunani ya Nestle, iliyotumiwa na watafsiri wengi, ikatia alama ya kiume. Kwa ushahidi gani? Katika maandishi ya kale ya mji wa Roma jina Junia limeonekana zaidi ya mara 250. Junias halikuonekana hata mara moja. Iliaminiwa tu kwamba mwanamke hawezi kuitwa mtume, basi akabadilishwa mtu mwenyewe! Alama ya kike ilirudishwa mwaka 1998.

Wako wasomi wasemao kwamba Paulo alitaka kusema wawili hao walijulikana vema kwa mitume, si kwamba walikuwa mitume. Krisostomo hakusoma hivyo, nami namsikiliza yeye zaidi. Lakini hata wasomi hao hawawezi kuyaondoa mambo mawili: Yunia alikuwa wa Kristo kabla ya Paulo, tena alifungwa kwa ajili yake.

Fikiri, ndugu yangu. Matendo 8 yatuambia kwamba Sauli aliingia nyumba kwa nyumba, akiwaburuta wanaume na wanawake na kuwatia gerezani. Ikiwa Yunia alitangulia kuamini, huenda alikuwa miongoni mwa wale waliotetemeka waliposikia hatua za Sauli mlangoni. Miaka ikapita, na Sauli yule yule akamwita mfungwa mwenzake.

Nalirudi kwa akina mama, nikamwomba yule mama msamaha mbele ya wenzake. Akafungua daftari, akapiga mstari juu ya jibu langu la kwanza, akauliza, "Na Androniko, alikuwa mumewe?" Nikamwambia wengi hudhani hivyo, lakini Paulo hakusema. Akaandika hivyo.