Ngui, Kitabu na Jukwaa: Safari ya Ushairi Kusini mwa Kitui

Huku Mutomo, Ikutha na Mutha, ushairi ulikuwa na mwenyewe kabla haujapata kitabu. Mwenyewe huyo ni ngui, mtunzi anayeongoza wimbo. Ngoma ya kilumi ilipochezwa kuombea mvua, au vijana walipokusanyika kucheza, ngui alianzisha na wenzake wakamwitikia. Alisifu, alisuta, alionya, na waliohusika wakiwa papo hapo wanasikiliza. Urari wa vina na mizani haukumshughulisha. Aliusikiliza mdundo wa ngoma na kulipima neno.

Mapema karne ya 20, mtafiti wa Uswidi, Gerhard Lindblom, alizunguka Ukambani, nchi ya Wakamba, akinakili alichosikia. Mkusanyo wake wa vitendawili, methali na nyimbo ulichapishwa mwaka 1934 huko Uppsala, mbali mno na waliozitoa nyimbo hizo.

Ndiyo maana namthamini sana John Mbiti. Alizaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, na mwaka 1954 akatoa hadithi ya Kikamba, Mutunga na Ngewa Yake. Dunia inamkumbuka kwa maandishi yake kuhusu dini za Kiafrika, lakini Mbiti alikuwa mshairi pia: diwani yake ya Kiingereza, Poems of Nature and Faith, ilitoka Nairobi mwaka 1969. Mtoto wa Kitui akawa mtunzi mwenye jina lake kwenye jalada.

Katika Kiswahili, miaka hiyohiyo palikuwa na moto. Abdilatif Abdalla wa Mombasa, aliyefungwa kwa maandishi yake ya kisiasa, alichapisha Sauti ya Dhiki mwaka 1973, mashairi aliyoyatunga gerezani kwa kufuata arudhi, yaani kanuni za vina na mizani. Mwaka uliofuata Euphrase Kezilahabi wa Tanzania akatoa diwani ya Kichomi, na vina vikaachwa kando. Wanamapokeo walikasirika, wakasema hayo si mashairi. Kwa maoni yangu, ugomvi ule ulisahau watu wa bara. Aliyekulia penye ngui hakuona ajabu shairi kukosa vina, kwa kuwa ndivyo alivyolisikia tangu utotoni. Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka, jirani ya Kitui upande wa kaskazini, aliitumia njia hiyo huru katika diwani ya Mchezo wa Karata, mwaka 1997, akaikosoa siasa waziwazi.

Shuleni mambo yalikwenda vingine. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza nchini mwaka 1985, Kiswahili kilikuwa somo la lazima lenye mtihani, na wanafunzi wakalizoea shairi kama swali: taja bahari, onyesha inkisari, eleza toni. Wengi walitoka wakiliogopa. Kilichowaokoa ni tamasha la muziki la kitaifa, lililoasisiwa mwaka 1927, ambalo pia lina mashindano ya kukariri mashairi. Hapo mtoto husimama, hutumia macho, mikono na pumzi, na hadhira humjibu kama ilivyomjibu ngui.

Sasa tuna siku mbili za kutusukuma: Machi 21, Siku ya Ushairi Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 1999, na Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa mwaka 2021. Walimu wa Mutomo, msizimalize kwa hotuba. Waiteni wazee wanaojua mbathi, yaani nyimbo, za zamani, wapangeni kwenye jukwaa moja na wanafunzi wanaotunga mashairi huru, kisha rekodini na mwandike kila wimbo kwa Kikamba na kwa Kiswahili, pamoja na jina la aliyeutunga.